Ni Nani Akuvikaye Nguo?

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali ambayo ndugu wapya katika Islam, na wale ambao bado wanaitafuta haki, hutuuliza mara kwa mara, lipo moja ambalo wengi huliona dogo hata wakaona haya kulileta mbele ya mwalimu. Nalo ni swali la nguo. Wapo vijana waulizao: Je, ni dhambi kwa mwanamume kufuata mtindo uliotoka mwaka huu? Na wapo watu wazima, hasa waliokuja kwetu kutoka katika dini nyingine, waulizao: Je, nikisilimu yanipasa kuiacha suruali yangu na kuvaa kanzu na kofia? Maswali haya hutoka katika vinywa mbalimbali, lakini ukiyachunguza utaona kuwa ni swali moja. Mwulizaji ataka kujua ni nani mwenye haki ya kumchagulia vazi: wenzake wa rika, au wenzake wa msikitini, au nafsi yake mwenyewe.

Mimi silioni swali hili kuwa dogo. Sala ina nyakati zake, na chakula kina saa zake, lakini nguo i juu ya mwili wa mtu tangu alfajiri hata usiku, na hapana siku apitayo mbele ya watu asiwaambie jambo kwa nguo yake, apende asipende. Kitu kinachosema maneno mengi namna hiyo kwa niaba yako, haifai ukiache kiseme ovyo.

Tuchukue mfano wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Wilaya zake, yaani Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, ni nchi ya pamba. Mkulima huipanda kwa mvua za mwisho wa mwaka, huipalilia, huipigia dawa ya wadudu, na ifikapo Mei huanza kuichuma kwa mikono, tumba kwa tumba, kisha huipeleka kwenye chama cha msingi ipimwe katika mizani. Kiwandani pamba huchambuliwa, mbegu zikaenda kukamuliwa mafuta, nazo nyuzi zikafungwa marobota. Sehemu iliyo kubwa ya nyuzi hizo huuzwa nchi za nje. Huko husokotwa na kufumwa, zikashonwa mashati na suruali kwa mtindo wa mwaka ule. Mtindo ukipita, mwenye nguo huitoa hata kabla haijachakaa, nayo hufungwa tena katika robota, ikasafiri bahari, ikapandishwa lori, ikafika mnadani na kumwagwa juu ya turubai. Kijana aliyeuza pamba jana huinama akachagua. Angalia, ndugu yangu, kwamba neno ni lile lile: robota la pamba liendalo, na robota la mitumba lirudilo. Sisemi kuwa uzi ule ule wa shamba lake ndio uliomrudia. Hilo alijuaye ni Mungu. Lakini nasema kwamba mtu huyu, ambaye jasho lake limo katika mavazi ya dunia, hupokea hukumu ya lipi ni zuri na lipi limepitwa kutoka kwa watu wasiojua kuwa Bariadi ipo.

Wala nisieleweke kuwa naibeza mitumba. Imewasitiri maskini wengi kwa heshima, na shati safi la mnadani ni bora kuliko shati jipya la deni. Ninachokiuliza ni jambo jingine. Siku hizi picha za waimbaji na wachezaji mpira humfikia kijana katika simu yake siku ile ile zinapotoka. Huenda akaiuza debe ya mahindi ya chakula ili apate suruali kama ile aliyoiona. Na baada ya miezi sita yaonekana suruali nyingine, naye hujiona yu uchi ndani ya ile ya kwanza. Ni nani aliyemvua? Nguo haikuchanika. Haikupungua rangi. Kilichobadilika ni macho ya watu, au tuseme kile adhanicho kuwa ndicho kilichomo katika macho ya watu.

Wasukuma wanalijua jambo hili vizuri kuliko wengi, maana wana mchezo mzima uliojengwa juu yake. Baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika, ambavyo jadi yasimulia kuwa vilianzishwa na Gumha na Ngika, hushindana uwanjani. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi upande wake. Kwa sababu hiyo kila kundi hubuni mambo mapya kila mwaka: mavazi mapya, nyimbo mpya, vitimbi vipya, ili mradi watu wahame kwa mwenzake waje kwake. Katika mchezo hilo ni sawa, kwa kuwa sharti la mchezo limewekwa wazi na jua likizama kila mtu hurudi kwake. Taabu huja pale mtu anapoyageuza maisha yake yote kuwa uwanja wa mbina, akawa hawezi kwenda dukani kununua chumvi pasipo kuhesabu waliogeuka kumtazama.

Yapo majaribio ya kulitibu jambo hili kwa amri. Katika nchi yetu Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza mwezi Oktoba mwaka 1968 ile iliyoitwa Operesheni Vijana, iliyoanza tarehe 1 Januari 1969, ikipiga marufuku nguo fupi za wanawake, nywele za bandia, dawa za kujichubua, na pia suruali za kubana na kaptura fupi mno. Katika miaka iyo hiyo, huko Arusha, maofisa waliwashikilia Wamasai waache shuka na kuvaa suruali. Yaani mtu mmoja alikamatwa kwa ajili ya suruali aliyoivaa, na mwingine alisumbuliwa kwa ajili ya suruali asiyoivaa! Nia ya wakubwa wale haikuwa mbaya yote. Walitaka taifa changa lijiheshimu. Lakini yaliyofuata wazee wanayakumbuka. Haikupita miaka mingi, vijana wa miji ile ile wakawa wanafagia barabara kwa suruali za bugaluu na pekosi, na chini yake wamepanda viatu vya raizoni virefu kama vigoda. Baadaye zikaja za kubana zinazoitwa modo, na ile namna ya kuishusha suruali chini ya kiuno iitwayo mlegezo.

Hata lile vazi lililoanza kwa kukataa kuiga lilipatwa na yale yale. Viongozi kadhaa wa Afrika walipochoka na tai na koti la Kizungu, walipenda suti nyepesi ya mikono mifupi isiyohitaji tai, ambayo kwetu iliitwa kaunda suti kwa jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Lilikuwa jambo jema na lenye kufaa katika joto letu. Lakini haikuchukua muda ikawa sare ya wakubwa, na karani aliyetamani cheo alianza kwa kuitamani suti. Uhuru wa mtu mmoja ukawa mtindo wa elfu.

Hapa kijana mwenye elimu atajibu, na jawabu lake yafaa tulisikilize kwa makini kwa kuwa lina nguvu. Atasema: "Mwalimu, mimi siwafuati hao. Mimi nina mtindo wangu mwenyewe. Navaa nipendavyo, na Bariadi nzima hutaona mwingine avaaye kama mimi." Basi nami namwuliza: Kama Bariadi nzima ingehama, ukabaki peke yako na mbuzi zako, ungeendelea kuvaa hivyo? Akijibu kwa ukweli kwamba ndiyo, kwa sababu kofia ile yamkinga jua na koti lile lamfaa kwa baridi ya alfajiri, basi huyo amekwisha kulivuka swali letu. Lakini wengi watanyamaza. Kwa maana kutofanana na watu kwahitaji watu wa kutofanana nao. Mwenye kufuata mkumbo huwatazama wenzake ili afanane nao, na mwenye kujitenga huwatazama vile vile ili asifanane nao, na wote wawili wamekabidhi ufunguo wa sanduku la nguo kwa watu wengine. Yule wa pili ana kazi kubwa zaidi, maana kila wenzake wakimwiga hulazimika kukimbia tena.

Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alilionya kosa hili kwa namna ya ajabu. Imepokewa katika Hadithi za Abu Daud na Ibn Majah onyo kali juu ya mtu avaaye vazi la kujitafutia umaarufu, kwamba vazi hilo litamgeukia kuwa unyonge Siku ya Kiyama. Wanazuoni walipolieleza onyo hili hawakulifunga kwa nguo za fahari tu; walisema laingia pia lile vazi lenye viraka ambalo mtu alivaa makusudi ili aitwe mcha Mungu. Je, waona jinsi mizani ilivyo sawa? Tajiri mwenye joho la thamani na shekhe mwenye viraka vya kujipachika huwekwa katika pishi moja iwapo wote wawili walikuwa wakisikiliza sauti ya watu.

Sasa tuitazame Kurani Tukufu. Katika Sura ya 7, Al-Aaraf, aya ya 27 (kwa hesabu yetu tuanzayo na Bismillahi kuwa aya ya kwanza), Mwenyezi Mungu anawakumbusha wana wa Adamu kuwa amewapa vazi la kuficha aibu zao na la kuwa pambo, kisha anataja vazi la tatu, la takwa, yaani uchaji wa Mungu, akilitukuza juu ya yote. Neno la Kiarabu lililotumika kwa pambo ni riish, ambalo asili yake ni manyoya ya ndege. Nimelifikiri sana neno hili. Ndege hakuazima manyoya yake. Yameota katika ngozi yake, yamtia joto, yambeba hewani, na kwa hayo hayo apendeza. Na aya chache mbele katika Sura iyo hiyo wana wa Adamu wanaamrishwa kuchukua mapambo yao kila waendapo kusali, na wanaulizwa ni nani aliyeharimisha pambo ambalo Mungu amewatolea waja wake. Kwa hiyo mtu asikuambie kuwa Islam yachukia uzuri.

Mtu mmoja alipomwuliza Mtume s.a.w. kama ni kiburi mtu kupenda nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri, alijibiwa kuwa Mungu ni Mzuri na apenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Jawabu hilo limelitoa swali katika kitambaa na kulitia moyoni. Ndiyo maana Hadhrat Abubakar r.a. alipohuzunika kuwa upande wa shuka yake hulegea na kuburura chini asipoushika, naye alikwisha kusikia onyo juu ya wenye kuburura nguo kwa majivuno, Mtume s.a.w. alimwambia kuwa yeye si miongoni mwa hao. Shuka ni ile ile, urefu ni ule ule, lakini aliyemo ndani siye.

Msomaji atauliza: Je, nguo ya watu wa dini nyingine? Mughira bin Shuuba r.a. anasimulia kuwa katika safari moja Mtume s.a.w. alikuwa amevaa joho la Kishamu lenye mikono myembamba. Sham wakati ule ilikuwa chini ya Warumi, nao walikuwa Wakristo. Alipotaka kutawadha, mikono ile ya joho haikupandika kwa wembamba wake, basi akaitoa mikono yake kwa chini ya joho akaiosha. Hakulitupa joho kwa kuwa lilishonwa na mikono ya Warumi, wala hakuacha kuosha mikono yake kwa kuwa joho lilibana. Hapo, ndugu yangu, pana fatuwa nzima juu ya suruali ya modo na mlegezo kwa mwenye akili. Usiniulize imetoka nchi gani. Ivae, kisha urukuu na kusujudu. Ikiwa haikuruhusu kuinama, au ukiinama wa safu ya nyuma aona asichopaswa kukiona, hiyo si nguo yako, hata ikiwa imeshonwa Maswa na fundi aliye hafidhi wa Kurani.

Na mara nyingine aliswali akiwa amevaa nguo yenye nakshi, macho yake yakazitazama zile nakshi. Alipomaliza aliamuru nguo ile irudishwe kwa Abu Jahm aliyemzawadia, na badala yake aletewe nguo nyingine ya Abu Jahm isiyo na nakshi. Tazama upole uliomo: aliikataa nguo, lakini aliomba nyingine kwa mtu yule yule, asije akavunjika moyo.

Mipaka ya sheria kwa mwanamume ni michache na ni rahisi kuikumbuka. Asitiri tupu yake, asivae hariri wala dhahabu, asijifananishe na wanawake, asifanye israfu wala majivuno, na nguo yake iwe tohara. Ndani ya uwanja huu mpana Mungu amemwachia nafasi. Yeye aliyefanya tofauti ya rangi zetu na ndimi zetu kuwa ishara hakututaka tushonwe sote kwa kipimo kimoja.

Hapo ndipo nigeukie swali la kanzu. Ndugu yetu mpya wa Itilima au Meatu, akisikia neno la haki na kulikubali, mara nyingi jambo la kwanza atakalolifanya ni kutafuta kanzu na kofia. Nalifurahia jambo hilo. Kanzu ni vazi la stara, ni jepesi, lafaa kwa sala. Lakini nataka ajue anachokivaa. Kanzu ilifika bara kwa njia ya biashara za pwani. Huko Uganda imekuwa vazi la heshima la wanaume wote, Mkristo kwa Mwislamu, nao huvalia koti juu yake waendapo harusini. Na huko Makka ya kale, Abu Jahl naye alijifunga kilemba, naye alivaa shuka na joho kama walivyovaa Masahaba. Kama wokovu ungekuwa katika mshono, asingekosa sehemu yake.

Twaijua ile Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, isemayo kuwa mwenye kujifananisha na watu fulani ni mmoja wao, na wapo waitumiao kama fimbo ya kumpigia kila avaaye shati. Nionavyo mimi, tukiisoma pamoja na habari ya joho la Kishamu, maana yake si shati. Yamhusu yule auangaliaye ulimwengu wa wengine kwa tamaa hata akatamani kuwa wao, akachukua alama za ibada yao na kuionea haya dini yake. Mtu aweza kufanya hivyo akiwa amevaa kanzu.

Katika chuo cha dini nilichosomea ng'ambo tulikuwa wanafunzi wa mataifa mengi. Mwaka wa kwanza kila mmoja alijulikana kwa vazi la kwao. Mwaka wa tatu, pasipo amri ya mtu, sote tulikuwa tumefanana na walimu wetu, kuanzia kofia hadi mkato wa koti. Yalikuwa mapenzi, na mapenzi hayalaumiwi. Lakini mbashiri arudipo nyumbani na kofia ile, husikia minong'ono mnadani: "Hii ni dini ya Wahindi." Mzee mmoja wa Kisukuma aweza kuikosa haki kwa sababu ya kipande cha sufu juu ya kichwa cha mwalimu. Kwa hiyo wewe uliye Msukuma, ukisilimu, usidhani kuwa twataka uache kuwa Msukuma. Mganda ni Mganda ndani ya kanzu yake, na Mjava ni Mjava ndani ya saruni yake, nao husimama katika safu moja.

Waahmadiyya wengi wamesoma masimulizi ya Siratul Mahdi, kitabu kilichokusanywa na Hadhrat Mirza Bashir Ahmad r.a. juu ya maisha ya baba yake, Masihi Aliyeahidiwa, Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad a.s. wa Qadian. Humo imeelezwa kuwa mtu alimletea zawadi ya viatu vya Kiingereza. Hadhrat Ahmad a.s. hakuweza kutambua kipi cha kulia na kipi cha kushoto, hata mkewe akaviwekea alama. Na hata baada ya alama bado alivikosea, mwishowe akaviacha. Vifungo vya nguo yake vile vile huenda vikaingia katika tundu zisizo zao. Alikuwa msafi, alivaa kilemba na koti kama watu wa heshima wa nchi yake, aliyapokea mavazi ya wapenzi wake kwa furaha. Ila moyo wake ulikuwa umeshughulika na jambo kubwa mno hata haukubaki na nafasi ya kuvihesabu vifungo. Sasa mfikirie mfuasi ambaye, kwa kuyasoma hayo, angesimama mbele ya kioo akafunga vifungo vyake kombo kwa uangalifu mkubwa! Angekuwa ameiga kifungo na kuupoteza moyo. Nasi tusicheke sana, kwa kuwa uigaji wetu mwingi wa wacha Mungu ni wa namna hiyo.

Mpaka hapa huenda umefahamu kuwa nasema: usiyajali macho ya watu kabisa. La. Hilo nalo lina ufidhuli wake, na ni lazima tuliweke mahali pake. Jirani yako ana haki juu yako hata katika nguo. Umar r.a. aliona vazi la hariri likiuzwa mlangoni pa msikiti, akashauri kuwa Mtume s.a.w. alinunue alivae Ijumaa na siku za kupokea wajumbe. Mtume s.a.w. alilikataa kwa sababu ya hariri. Shauri lenyewe la kujipamba kwa ajili ya Ijumaa na wageni hakulilaumu. Na alipomwona mtu mwenye mali ya ngamia na kondoo amevaa nguo duni, alimwambia aonyeshe athari ya neema ya Mungu juu yake. Basi mwalimu aingiaye darasani na shati lenye jasho la juzi, akisema kuwa yeye hajali macho ya watu, hakufikia uhuru wowote. Amewadharau wanafunzi wake. Kuvaa kwa ajili ya kumheshimu mtu na kuvaa kwa ajili ya kusifiwa naye ni mambo mawili mbalimbali, ijapokuwa kwa nje huenda nguo ikawa ni moja. Umwendeapo mgonjwa, umwendeapo mkweo, uendapo msibani, wewe huwaza juu yao, ukavaa. Katika kutafuta sifa huwaza juu ya nafsi yako.

Je, mtindo wa mtu mwenyewe haupo kabisa? Upo, lakini nadhani haupatikani kwa kutafutwa. Katika vijiji vya Simiyu utawaona wazee ambao hutambulikana toka mbali, kabla uso haujaonekana: yule mwenye koti la kahawia, yule mwenye kofia ya pama na baiskeli ya zamani, yule wa shuka begani na fimbo. Hakuna kati yao aliyekaa kujichagulia mtindo. Mmoja koti alilinunua kwa fedha ya pamba ya mwaka mmoja mzuri, akalitunza, akalitia kiraka mahali pafaapo, likalika kwa umbo la mabega yake na kazi yake, mpaka likawa kama manyoya ya ndege niliyoyataja. Huyo amekaa na kitu kimoja kwa muda mrefu, na kijana wa mnadani hatapata mfano wa koti lile hata akifungua marobota yote, kwa kuwa lilipopata sura yake lilikuwa juu ya mwili wa mwingine.

Limebaki jambo la fedha, nami sitaki kulipita. Mwishoni mwa mwaka 1934 Khalifa wa Pili, Hadhrat Mirza Bashiruddin Mahmud Ahmad r.a., alianzisha mpango wa Tahrik Jadid. Waahmadiyya waliombwa waishi maisha mepesi: wale mchuzi wa namna moja, wasiende sinema, wasishone nguo mpya ila kwa haja, na wanawake waache kununua vitu vya kutarizia na mapambo yasiyo ya lazima. Haikuwa kwa sababu nguo mpya ni haramu. Fedha ile ilitakiwa kwa kazi ya kuieneza Islam katika nchi za mbali. Mwaka ule ule wa 1934 Sheikh Mubarak Ahmad alifika Afrika Mashariki, na mwaka 1953 tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili ikachapishwa. Mpango wa Tahrik Jadid waendelea hata leo, na kila mwaka michango yake hutangazwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukishika suruali pale juu ya turubai nawe huku umetundika nyingine tatu nyumbani, sikuambii uirudishe. Ni fedha yako, uliitoa katika pamba yako. Nakuambia tu kwamba kijitabu cha kwanza ulichosoma juu ya dini hii, na mwalimu wa kwanza aliyeketi nawe chini ya mwembe, hawakukufikia hivi hivi. Katika mji fulani usioujua, mshona nguo fulani alipitwa na mteja mwaka ule, kwa kuwa mteja yule aliamua kuwa koti lake la zamani lingali linafaa.